Karedio Iliyokwama Kasongo

Mke wangu aliniachia kazi moja: kufikisha sauti yake kwa mama yake. Sauti hiyo ilikuwa ndani ya chombo kidogo cha kuchezea muziki, MP3, ambayo wauzaji waliiita empetrwa, ukubwa wa kiberiti, ambacho sisi nyumbani tulikiita karedio ingawa hakikushika stesheni hata moja. Nilikinunua Salamabila, kwenye meza ya mtu aliyeuza tochi, nyembe na betri, siku zile nilipokuwa nikibeba mawe ya dhahabu kutoka shimoni hadi kwenye kinu. Nilikileta Kabambare ndani ya soksi.

Alikipenda kuliko nilivyotazamia. Alikivaa shingoni akienda shambani, na kwa kuwa sikio moja la waya lilikufa mapema, alisikiliza nyimbo za kwaya kwa sikio la kushoto na kutujibu sisi kwa la kulia. Nyimbo zilipomchosha, aligundua kitufe cha kunasa sauti. Alinasa mvua. Alinasa watoto wetu wawili wakigombania kijiko. Siku moja alininasa mimi nikikoroma mchana, akawachezea majirani.

Yeye hakuwa wa kwetu. Mimi ni Mubangubangu, nimezaliwa Kabambare. Yeye alikuwa Muzimba, kwao ni Kasongo, upande wa chini, kwenye njia inayoteremka kuelekea mto Lualaba. Tulioana kwa Kiswahili, tukazaa kwa Kiswahili. Kizimba chake alikiweka kwa kuhesabia karanga, kwa kukasirika, na kwa mama yake. Mimi nilikijua maneno machache tu, yale ambayo mume hawezi kukosa kuyajua.

Alipoanza kuugua, nilikuwa nimefunga mzigo wa kwenda Salamabila. Aliniambia, "Baki. Mwili wangu hauko sawa." Nikamwambia wiki mbili tu. Nilikaa miezi miwili. Shimo letu lilikuwa limeonyesha mshipa mzuri, na kila asubuhi nilijiambia kesho. Hakuna mtu aliyenizuia. Ningeweza kupanda pikipiki siku yoyote.

Niliporudi nilimkuta amelazwa karibu na mlango ili apate mwanga. Kwenda kwao alishindwa. Barabara ile inamchosha hata mtu mzima mwenye afya, na kule kwa mama yake simu ilikuwa ya kubahatisha. Siku moja alasiri aliniomba nitoke nje. Nikaenda nyuma ya nyumba kupanga kuni, nikamsikia ukutani akiongea peke yake, polepole, kwa Kizimba. Aliongea kwa muda wa kupeta mchele wa sufuria moja. Halafu akaniita, akanipa karedio mkononi.

"Mupelekee mama. Usitume mutu. Peleka wewe."

Hakumaliza wiki.

Baada ya maziko nilikaa chini kama mfiwa anavyokaa. Kwa upande wetu, na kwa upande wao pia, mume aliyefiwa hanyoi nywele wala ndevu mpaka ndugu za mke wamwondolee matanga kwa wembe wao wenyewe. Kabla ya hapo yeye bado ni mtu wao. Kwa hiyo nilikaa, nywele zikaota, na mchana, watu wakiwa shambani, nilisikiliza karedio. Sikusikiliza nyimbo. Nilisikiliza yale maneno ya Kizimba. Mwanzoni nilitaka sauti yake tu. Kisha nikayazoea kama mtu anavyozoea wimbo wa lugha ya watu: nilijua pale anapopandisha sauti, pale anapocheka kidogo puani, pale anapokohoa. Ningeweza kuyatamka naye bila kuelewa.

Niseme pia ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Mle ndani kulikuwa na neno "mume wangu", ambalo nilijua linavyosemwa kwao, na karibu nalo lilitajwa jina la Salamabila, mara mbili. Sikuhitaji mkalimani. Niliona kwamba alikuwa akimweleza mama yake nilikokuwa wakati yeye akilala karibu na mlango. Mvua zilipokatiza njia, nilisema mvua zimekatiza njia. Ilikuwa kweli. Lakini zilipokwisha, nilibaki tena mwezi mzima.

Mwishoni wakwe walituma neno kupitia kwa mtu wa pikipiki: matanga yanaondolewa Jumapili, baada ya ibada, mukwe wetu aje, na alete kile alichoachiwa. Niliwaacha watoto kwa dada yangu. Njia ilituchukua siku mbili, mimi na mwenye pikipiki, matope mpaka kwenye magoti, tukiisukuma pikipiki zaidi ya ilivyotubeba. Karedio niliifunga kwenye soksi, soksi kwenye plastiki, plastiki kifuani. Bila kujua nilikuwa nimeiwasha kwa kuibana. Ilijiimbia yenyewe njia nzima ndani ya soksi, na tulipoingia Kasongo, Ijumaa asubuhi, ilikuwa imezimika.

Sikutaka kumpelekea mama mkwe kitu kilichokufa. Nikaenda kwanza sokoni, kwenye nyumba moja ya fotokopi ambako watu wanachaji simu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe, mikono yake imejaa makovu ya risasi ya kuunganishia waya. Alikuwa fundi wa redio toka zamani, kabla ya simu. Nilikuta simu za watu zimepangwa sakafuni, kila moja na kipande cha karatasi chenye namba.

"Plagi zote zimejaa, baba," akasema. "Lakini kadogo kama haka tutakanyonyesha kwenye ordinateri."

Akachomeka waya kwenye kompyuta yake kubwa ya mezani. Nje, jenereta ilikuwa ikilia. Karedio ikawaka taa, nikashusha pumzi. Fundi akachukua buli la maji akaenda uani kutawadha, maana ilikuwa saa sita inakaribia. Nikabaki nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Hapo ndipo swali lilipotokea. Lilikuwa la Kifaransa, kwenye kisanduku cheupe: mashine imeona programu mpya ya karedio, je, iiweke? Chini kulikuwa na maneno mawili, *Oui* na *Non*.

Mimi niliishia darasa la sita. Kifaransa changu ni cha vizuizi vya barabarani na cha ofisi. Na huko kote nilijifunza jambo moja: karatasi ikikuuliza kwa Kifaransa, unasema *oui*. Ukisema *non* utaulizwa kwa nini, na hapo huna maneno. Mtu wa kwetu anasema *oui*, anapiga sahihi, anaenda zake. Nikaweka kidole kwenye kipanya nikafinya *Oui*.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Juu yake kukatokea maneno mengine, na hayo niliyasoma mara tatu mpaka nikayapata: usichomoe waya. Nikaelewa kazi yangu. Nikaushika ule waya kwa vidole viwili pale ulipoingia kwenye karedio, ili hata mtu akipita akaupiga teke usitoke. Nilikuwa nimeushika hivyo fundi aliporudi, uso unamtiririka maji.

"Mimi naenda musikitini," akasema. "Kaa tu, baba. Chunga simu za watu."

"Ndiyo, mzee."

Akapita mlangoni. Kila Ijumaa, kama nilivyokuja kujua, alizima jenereta kabla ya sala ili esansi isiungue bure. Nilimwona akiinama pale nje. Nilisikia mlio ukishuka, ukashuka, ukakata. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Mstari wa kijani ulikuwa umefika kama nusu. Mimi nilikuwa bado nimeushika waya.

Aliporudi nilimweleza. Hakunifokea. Akawasha jenereta, akasubiri kompyuta iamke, akachomeka karedio upya. Ikaonyesha alama ya mshale, mshale ukazunguka, kioo kikafa. Ikaonyesha tena mshale. Ikafa tena. Ilikuwa kama mtu anayefumbua macho na kuyafumba kabla hajasema kitu. Fundi alibana kitufe na kuhesabu mpaka ishirini. Akaingiza sindano kwenye katundu kadogo nyuma. Akabadilisha waya, mara ya kwanza, mara ya pili. Kompyuta ikasema hakuna kitu kilichochomekwa. Kisha ikasema kipo lakini hakijulikani.

"Ulifinya wewe?" akauliza.

"Mimi."

"Na mimi nikazima. Basi tuko wawili." Akainua miwani. "Ndani iko na nini? Nyimbo?"

Nikamwambia. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Hukutoa kopi?"

Ukutani kwake palikuwa pameandikwa bei ya kopi. Nilifikiri anasema karatasi. Nikamjibu kwamba ilikuwa sauti, mzee, si barua. Alinitazama, akaona sitanii, akasema, "Pole, baba. Rudi kesho. Programu ilikatika katikati. Tunatafuta nzima tunailisha upya."

Nikateremka kwa wakwe. Ndugu mdogo wa mke wangu, mwanamke wa utani ambaye toka zamani hakunihurumia, ndiye aliyenipokea uani.

"Ee, shemeji! Ni wewe, ao ni kichaka kinatembea? Kuku watataga humo."

"Ni mimi, shemeji."

"Tutahitaji panga, si wembe." Kisha akaniangalia usoni, akaninyang'anya mzigo.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete unaotenga jiko. Hatuonani uso kwa uso, mimi na yeye. Sikuwahi kula mbele yake wala kumtaja jina, na neno lolote kati yetu linapita kwa mtu mwingine, hata kama tuko hatua tatu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Ndivyo heshima ilivyo kwetu. Miaka yote ya ndoa yangu sikumwambia neno lolote moja kwa moja.

Nikasikia sauti yake, iliyofanana na ya binti yake kuliko nilivyokumbuka.

"Muulize mugeni, amefika salama?"

"Anauliza umefika salama."

"Mwambie nimefika."

"Amefika."

"Muulize, na ile sauti?"

Shemeji akanigeukia. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha wageni, karedio kifuani, na nilisema, "Iko."

Ilikuwamo, kweli. Nilijua pia kwamba sivyo alivyouliza.

Jumamosi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Alikuwa amepanda asubuhi mpaka mahali ambapo mtandao unashika, akavuta programu kwenye simu yake kipande kwa kipande, akarudi nayo. Tukajaribu. Kompyuta ikakataa: betri ya karedio haitoshi, haiwezi kuanza. Lakini betri haikujaa, maana kila ilipopata nguvu kidogo karedio iliamka, ikaonyesha mshale, ikajichosha, ikafa. Fundi akaifungua kwa ncha ya kisu, akatoa betri ndogo kama ukucha, akaichaji pembeni kwa waya mbili alizozishikilia kwa gundi ya plasta. Tukangoja. Watu waliingia kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, wakanitazama nywele, wakanipa pole. Mji mzima ulijua ni mukwe wa kule chini amekuja kunyolewa. Hata kama ningetaka kukimbia, hakuna pikipiki ambayo ingenipakia na kichwa kile.

Betri ilipojaa, kosa lingine likatoka: programu hii si ya mashine hii. Fundi akaipindua karedio, akasoma jina la nyuma, akacheka bila furaha.

"Hili jina ni la uongo. Ni mashine ingine imevaa shati ya watu."

"Nililipia kama ya kweli."

"Kila mutu alilipia kama ya kweli, baba."

Akatafuta nyingine, akarudi kule kwenye mtandao, akaja saa nane ametota jasho. Safari hii kompyuta ilikubali. Haikutoa kosa. Ilitoa swali. Kisanduku kilikuwa cheupe kama kile cha jana, na chini yake *Oui* na *Non*.

Niliruka nyuma na kiti changu. Fundi naye aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Inasema inaweza kuamuka. Lakini kwanza inafuta yote iliyo ndani. Nikifinya hapa, itaamuka kama mutoto wa leo. Itaimba, itanasa, itafanya yote. Yeye hatakuwamo."

"Na usipofinya?"

"Atakuwamo. Lakini hasikiki. Mimi sina chombo cha kumutoa. Labda Bukavu, labda Kinshasa, na hata huko sikuahidi, kwa sababu hii mashine haina baba wala mama."

"Finya wewe, mzee, unavyoona."

"Hapana." Alisema hivyo bila ukali. "Ya jana ulifinya wewe. Ya leo sifinyi mimi. Iko ya nani, hii sauti?"

"Ya mama mkwe."

"Basi swali iko yake."

Nilikaa pale mpaka alasiri nikiangalia yale maneno mawili. Nataka niseme yote yaliyopita kichwani. Nilifikiri: nikifinya *Oui*, nitampelekea mashine nzima, nitasema mvua ya njiani ilifuta, na hakuna atakayejua. Nilifikiri pia, na hili ndilo linalonitia aibu mpaka leo, kwamba lile jina la Salamabila lingefutika pamoja na mengine yote. Siku ile ya Ijumaa, mstari wa kijani ulipokatika, kabla sijaogopa, nilihisi kitu kikilegea kifuani. Kilidumu kama kupepesa macho. Lakini nilikihisi, na nilikijua kilikuwa nini.

Fundi alichomoa waya taratibu, akaniwekea karedio mkononi. "Nenda ukamuulize," akasema.

Jumapili baada ya ibada ua ulijaa. Wajomba zake walikaa chini ya mabati, maji yamewekwa kwenye beseni, wembe mpya bado kwenye karatasi yake. Shemeji alikuwa amejifunga kitenge kingine kiunoni tayari kwa kuninyoa. Mama mkwe alikaa upande wake wa matete. Niliona vidole vya miguu yake chini ya ukuta.

"Muulize mugeni," akasema, "atuwekee sauti kwanza. Wembe baadaye."

 Nikasimama.

"Shemeji, mwambie mama kwamba sauti imekwama. Mwambie ni mimi. Nilifinya kitu nisichokijua, umeme ukakatika katikati. Mwambie Ijumaa nilisema iko, na nilijua nasema vibaya. Fundi anaweza kuiamsha mashine, lakini sauti itafutika. Au iachwe hivi, sauti iwe ndani, isisikike. Swali ni lake."

Shemeji hakurudia neno. Hakukuwa na haja. Hakutania pia. Mjomba mmoja akaanza kusema kitu kwa hasira, na mama mkwe akamkata.

"Muulize. Yeye aliisikia?"

"Niliisikia," nikasema. "Kila siku. Lakini sijui Kizimba."

"Muulize, aliisikia mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Mpaka nikaizoea."

"Basi aiseme."

Shemeji akanigeukia, mdomo wazi. Nami sikuelewa. Mama mkwe akarudia, na safari hii hakumtaja mtu wa kati:

"Sema. Namna ulisikia."

Sijawahi kuogopa hivyo, hata shimoni. Nilifumba macho ili nisione watu, nikaanza. Nilitoa sauti kama zilivyokuwa, bila kujua neno linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Nilipandisha alipopandisha. Pale alipocheka puani nikapumua puani. Nikasikia mtu akicheka upande wa wanawake, kicheko cha mtu anayesikia lugha yake kinywani mwa mgeni, kisha kicheko hichohicho kikageuka kilio. Mama mkwe alinisimamisha mara mbili, akasema neno sawasawa, nikalirudia, nikaendelea.

Nikafika pale pa Salamabila. Ningeweza kuruka. Hakuna aliyejua urefu wa maneno yale isipokuwa mimi. Nikayasema yote, neno la mume wangu, jina la kwanza, jina la pili. Mbele kidogo alikuwa amekohoa, na baada ya kikohozi kulikuwa na kipande kifupi ambacho sikukishika kamwe, kwa sababu kila siku nilipofika hapo nilisikia kikohozi tu.

"Hapa alikohoa," nikasema kwa Kiswahili. "Baada ya kikohozi sijui. Nisamehe."

Nikarukia mwisho, maneno machache ya kuaga, nikanyamaza.

Nilipofumbua macho, shemeji alikuwa amekaa chini na kitenge kimefunika mdomo wake. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Alisema nini pale pa Salamabila?"

Akajifuta. "Alisema, mume wangu iko Salamabila. Alisema, ni mimi nilimutuma, alikuwa hataki kwenda. Alisema, kama nikikufa akiwa Salamabila, musimulaumu."

Wajomba walikuwa wakinitazama kwa macho laini. Mmoja alikuwa tayari ameshika beseni la maji. Nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa. Miezi yote ile nilikuwa nikiogopa maneno ya kunishtaki, na yalikuwa ya kunificha. Alikuwa ameyanasa mimi nikipanga kuni nyuma ya ukuta, nimesharudi, na bado alikuwa akinitengenezea njia ya kutokea. Nilijaribu kuinamisha kichwa. Shingo haikukubali.

Sikumpitishia shemeji. Niligeukia ukuta wa matete.

"Mama, hakunituma. Aliniomba nibaki. Mimi ndiye nilienda."

 Vidole vya miguu vilibaki palepale. Mjomba akalirudisha beseni chini. Nilisubiri kufukuzwa, na kusema kweli, ningeshukuru kufukuzwa.

Mwishowe akasema, tena kwa kupitia kwa binti yake, kama zamani, "Mwambie nimesikia. Mwambie wembe urudishwe kwenye karatasi. Atabaki hapa. Kila asubuhi atanisemea, mpaka niwe nayo yote."

"Na mashine, mama?" shemeji akauliza.

"Iko ndani?"

"Iko ndani."

"Basi isifinywe."

Karedio mama mkwe aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akakaza kifuniko. Nami nikabaki. Asubuhi, kabla hajaenda shambani, alikuja upande wake wa matete, mimi nikakaa upande wangu, nikasema. Alirudia nyuma yangu. Nilipokosea alinisahihisha, na kwa kuwa alijua lugha, baada ya siku chache yeye ndiye aliyenisaidia mimi. Shemeji alirudia utani wake: "Sasa tuko na empetrwa ya ndevu, inakula ugali." Nilijaribu kucheka. Ndevu zilikuwa zimefika kifuani, watoto wangu walikuwa Kabambare wakinisubiri, na sikuwa na haki ya kuomba siku ya kuondoka. Kila asubuhi nilisema ule uongo wa mke wangu kwa ajili yangu, kwa sauti yangu, mbele ya mtu aliyejua kwamba ni uongo. Mama mkwe aliurudia kama alivyorudia mengine, bila kubadilisha neno.

Mchana nilipita mara nyingine kwa fundi. Hakuuliza maswali mengi. Alikuwa ameandika karatasi kubwa, akaibandika ukutani karibu na bei za kopi: Ijumaa tusiwekee mashine kitu kipya. Alinionyesha, nikaisoma, tukakaa.

Sijui nilikaa Kasongo wiki ngapi; mwezi uliandama nikiwa huko. Asubuhi moja shemeji alikuja na beseni na wembe kabla sijafungua kinywa. Aliniketisha uani, akaninyoa kichwa kizima, ndevu zote, akilalamika kwamba kichwa changu kina mabonde kama barabara ya Kabambare. Hakukuwa na wajomba wala chakula. Nilipopapasa kichwa kilikuwa baridi.

Nikaenda kwenye ukuta wa matete kuaga. Kabla sijasema, mama mkwe alianza yeye. Alisema ujumbe wote tangu mwanzo, bila msaada wangu, kwa ile sauti iliyofanana mno. Alipita pa Salamabila. Alipofika pa kikohozi, alisimama.

Alikuwa akinisubiri. Nilitafuta tena, nilitafuta kwa uwezo wangu wote, na hapakuwa na kitu mle zaidi ya kikohozi.

"Sina, mama," nikasema.

Alingoja kidogo tena. Kisha akaendelea mpaka mwisho, na mtu wa pikipiki akapiga honi njiani.